Kufuli kubwa halitoshi

Makala kuhusu wizi wa vifaa vya kazi yanawashauri mafundi wa jua kali pale Kibuye, Kisumu, wanunue kufuli kubwa. Mwizi hahangaiki na kufuli. Anang'oa bati la nyuma ya kibanda. Choreni jina kwenye kichwa cha chuma cha grainda (mashine ya kukata na kusaga chuma), si kwenye plastiki, maana plastiki hufutika kwa msasa mara moja. Pigeni picha nambari ya mashine, mhifadhi na risiti. Polisi wakinasa grainda tano zinazofanana, nambari ya OB (kitabu cha polisi cha kuandikia matukio) peke yake haithibitishi ipi ni yako. Inauma sana: mashine ya kuchomelea ikienda, arbuni ya mteja imeshanunua vyuma na geti linadaiwa. Wanaonunua vya wizi wajue kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya: hadi miaka 14 jela.