Mazoezi Nayo Ni Kazi

Onyesho la mwisho la mchezo wetu wa kuigiza liliisha saa nne usiku. Kiongozi wetu akaketi juu ya sanduku la mavazi, akaanza kuhesabu pesa za mlangoni: za ukumbi kwanza, kisha za jenereta, za mabango, na za aliyetukodisha ngoma. Zilizobaki tuligawana watu kumi na wawili. Nilipata shilingi elfu thelathini na tano. Mazoezi yalichukua wiki sita, na kila jioni nauli ya teksi kutoka Bweyogerere, nje kidogo ya Kampala, ilitoka mfukoni mwangu.

Simlaumu kiongozi, naye alirudi nyumbani mikono mitupu. Nalaumu mazoea yetu ya kumweka msanii mkiani. Wakija watazamaji ishirini tu, mwenye ukumbi analipwa, mwenye jenereta analipwa. Hasara ya viti vitupu tunaibeba sisi.

Kampala ina Ukumbi wa Taifa wa maonyesho tangu 1959, lakini mpaka leo vikundi vingi vinahesabu kazi kuanzia pazia linapofunguliwa. Kukariri maneno, kurudia hatua za ngoma mpaka magoti yaume, kukosa kibarua cha jioni, hivyo vyote huitwa kujitolea. Mimi nasema kila siku ya mazoezi iwe na posho, hata elfu kumi, na iingie kwenye bajeti kabla ya mabango. Kikundi kisichoweza kuwalipa watu kumi na wawili kichague mchezo wa watu watano. Najua tutapoteza ile michezo mikubwa yenye wachezaji jukwaa zima. Inaniuma, maana nami nililelewa humo.

Tangu sheria ya NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii hapa Uganda, irekebishwe 2022, mwajiri anatakiwa kuchangia hata akiwa na mfanyakazi mmoja, na aliyejiajiri anaruhusiwa kuweka akiba kwa hiari. Lakini asilimia 10 ya mwajiri itahesabiwa kwa malipo gani, ikiwa hatujaandikiana chochote? Kumbi zilipofungwa kwa korona Machi 2020, mwenzetu aliyezoea kucheza mfalme aliuza cherehani aliyotushonea mavazi. Hajarudi jukwaani.

Mwezi ujao tunaanza mchezo mpya, watu watano. Nimeandika mkataba wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili na Luganda. Posho ya mazoezi iko mstari wa kwanza, ukumbi uko wa nne.