Maabara iwe popote, kitalu kiwe Kabare

Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, hatuna minazi. Mji uko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na baridi hii mnazi haiwezi. Hata hivyo nafuatilia sana habari za minazi inayooteshwa kwenye chupa, kwa sababu ya ndizi zetu.

Mnazi ni mti mbishi. Hautoi machipukizi, wala huwezi kukata tawi ukalichomeka ardhini. Ukitaka mwingine, pandikiza nazi. Na nazi haiwekwi ghalani kama maharage, itaota au itakufa. Basi watafiti huvunja kifuu, wakachomoa kiinitete, yaani mche mchanga kabisa, kilichojificha chini ya lile jicho laini, kidogo kama karanga, wakakisafisha na kukilisha sukari na madini ndani ya chupa. Ufilipino walianza miaka ya 1960 kwa ajili ya makapuno, nazi yenye nyama laini tele ambayo haioti yenyewe shambani. Kusafirisha viinitete ni rahisi kuliko magunia ya nazi, tena wadudu wengi hubaki nyuma. Tatizo ni kwamba kiinitete kimoja huleta mche mmoja, wenye damu ya baba na mama, si nakala ya mti ulioupenda.

Mwaka 2021 watafiti wa chuo kikuu cha KU Leuven, Ubelgiji, na wenzao walitangaza njia ya kuugawa mche huo ungali chupani ili uzae mingine. Ujuzi wao ulitoka kwenye ndizi! Leuven ndiko inakohifadhiwa akiba ya dunia ya migomba, sampuli zaidi ya 1,500.

Kwetu chipukizi la mgomba ni la bure: jirani anakung'olea, mnakunywa kasiksi, pombe ya ndizi, unarudi nalo nyumbani. Hivyo hivyo ugonjwa wa mnyauko wa bakteria umetembea Kivu tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa machipukizi, kwa mapanga yasiyosafishwa na kwa wadudu wanaotua kwenye ua linaloning'inia chini ya mkungu. Mche wa mgomba ulioota chupani maabara hufika safi. Lakini si kinga: ukiupanda katikati ya migomba migonjwa, nao utanyauka.

Ndiyo maana sishangilii mtu anapoahidi kutujengea maabara kubwa, wakati umeme wenyewe unakatika kila mara. Mche uliotoka chupani una majani mororo na mizizi isiyojua udongo. Jua la siku moja linautosha kufa. Unahitaji kivuli, unyevu na mtu wa kuuangalia kwa wiki kadhaa kabla haujakabidhiwa mama wa Kabare au Walungu, vijijini karibu na Bukavu, ambaye naye afundishwe kuvunja lile ua kwa kijiti chenye panda badala ya panga. Kazi hiyo haiwezi kufanyiwa Ubelgiji. Vichupa vinapanda ndege bila shida. Mwenye pesa aanze na vitalu, maji na mishahara ya watakaovitunza.