Usiseme kaskazini hakuna kitu wakati hukutoka kwa lami

Juzi jamaa mmoja karudi kutoka Moyale likizo hii ya Agosti, tukiwa tunakula akasema eti kaskazini mwa Kenya, ukishapita Isiolo, hakuna kitu, ni mawe na jua tu mpaka mpakani na Ethiopia. Nilinyamaza kwa sababu kulikuwa na wageni lakini iliniuma, na bado inaniuma. Yaani umefunga vioo, umekanyaga mafuta karibu kilomita 500 za lami, umesimama Marsabit kula na kujaza tanki, hayo ya kuona ungeyaona saa ngapi?

Lami yenyewe siipingi. Wazee wa Marsabit wanakumbuka kusafiri juu ya lori, wameshikilia vyuma ng'ombe wakiwa chini yao, magari yanaenda kwa msafara na askari kwa sababu ya majambazi, na mgonjwa ndiyo hivyo, Mungu amsaidie afike. Lami imeokoa watu, hilo nakubali. Lakini kama umeenda kutembea, toka hapo. Kuna njia ya Wamba ukitoka Archer's Post, na kuna ile ya Laisamis unakata kushoto, Ngurunit, South Horr, hadi Loiyangalani ziwani.

Upande wa Wamba, kiangazi kikikolea laga, yaani mto wa msimu, inakauka juu, maji yanabaki chini ya mchanga, basi vijana wa Kisamburu wanachimba. Shimo likiwa refu wanasimama ndani mmoja juu ya mwingine, ndoo inatoka chini inapokewa, inapokewa tena, mpaka inamwagwa kwenye birika la kunyweshea mifugo, na muda wote wanaimba, mikono inafuata wimbo. Kila familia ina wimbo wake. Ng'ombe wako ukingoni kwa mamia, wamenusa maji, wana kiu, lakini wanangoja, na wakisikia sauti ya wenyewe ndio wanateremka, wale wengine wanabaki. Ukifika hapo weka simu mfukoni, salimia wazee, omba kukaa. Mimi nilikaa mpaka jua likawa la utosi na sikutaka kuondoka. Sasa mtu aniambie hakuna kitu!

Na hiyo stima unayochajia simu Nairobi, unajua inatoka wapi? Nyingine inatoka hukohuko kwenye "hakuna kitu". Kati ya mlima Nyiro na Kulal upepo unapita kwa nguvu mpaka mlango wa gari unaushika kwa mikono miwili, ndiyo maana mitambo 365 ya upepo ilisimamishwa pale, megawati 310, na tangu 2018 umeme unasafirishwa hadi kituo cha umeme cha Suswa, unaingia gridi ya taifa. Unaendesha chini ya hizo nyaya huku unapishana na mama anaswaga punda wenye majerikeni, anatafuta maji. Nataka kila mkubwa anayepanga bajeti ya hii nchi apite hiyo njia kwa gari, asipite kwa ndege.

Usalama, ndiyo, najua mtauliza. Njia ya Baragoi, ile ya kutoka Maralal kwenda South Horr, usiingie kabla hujauliza, na usiulize mtandaoni, uliza madereva wa malori na askari wa mji ulikolala, asubuhi hiyohiyo. Usiendeshe usiku. Beba maji kuliko unavyodhani utahitaji kwa sababu kuna mtu utamkuta njiani anaomba ya kunywa na hutaki kumnyima, spea mbili, mafuta ya kukurudisha, na ukiingia mchanga toa upepo kidogo kwa tairi. Na ukikuta laga ina maji usivuke hata kama ulipo jua linawaka, hiyo ni mvua ya milimani imeteremka. Zima gari, ngoja. Wenyeji watakuja, watakwambia lini unaweza kupita, na wao hawakosei.