Huzuni Hana, Ana Jiwe

Wiki iliyopita nilimsindikiza shangazi zahanati. Yeye alifuata dawa zake za presha tu, lakini safari hii tulimkuta binti mmoja mhudumu, mpole kweli, ana rundo la karatasi za fotokopi anawapitia watu kwenye benchi mmoja mmoja. Ni ile fomu ya kupima "depression", PHQ-9 wanaiita, maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, mliowahi kukutana nayo mnaijua. Swali la pili akalisoma hivi: "Bibi, umekuwa ukijisikia huzuni?"

Shangazi akamwangalia kama kaulizwa umri. "Huzuni ya nini tena, mwanangu? Eda nimemaliza tangu Mfungo Sita."

Binti akaweka vema kwenye sifuri, akasonga mbele. Mimi pembeni nikameza mate. Mwanamke huyu halali. Saa tisa za usiku anaamka anafagia uwanja. Chai anaikoroga mpaka inapoa, kisha anakwenda kuimwaga kwenye mpapai.

Nilirudi nyumbani nimechemka, nikaitafuta fomu yenyewe kwa Kiingereza. Neno "sad", hiyo huzuni yenyewe, halimo! Sisemi swali la pili peke yake, halimo kwenye maswali yote tisa. Swali la pili lina maneno matatu, "down, depressed, or hopeless". Wamarekani walioitunga, na lugha ni yao ya kuzaliwa, waliona neno moja halitoshi, wakatega matatu ili mgonjwa asiyenaswa na hili anaswe na lile. Mfasiri wetu akayazoa yote, akayafunga kifurushi kimoja, akaandika huzuni. Pengine ilishafika saa kumi na nusu na posho imeshasainiwa.

Haya, nakubali, zipo tafsiri za Kiswahili zilizofanyiwa kazi ya maana. Kwetu hazijafika.

Lakini jambo lenyewe ni hili. Tumezoea kuyaona maneno ya Kiingereza ya simanzi kama kanga za doti moja, chukua yoyote utajifunga. Sivyo. "Grief" haiji bila kitu kilichokupotea. Mara nyingi kuna maiti, kuna jina la mtu. Na ukiichimba mpaka Kilatini unakuta maana yake ni uzito. "Melancholy" haihitaji msiba, inakujia jioni mvua ikinyesha, na ina utamu wake. Aliye nayo hataki sana imtoke. Asili yake ni nyongo nyeusi, ambayo matabibu wa Kigiriki waliamini ikizidi mwilini mtu anazama. Mwingereza Robert Burton aliiandikia kitabu kizima mwaka 1621, kinene cha kuzuilia mlango. "Sad" ndiyo kituko zaidi. Katika Kiingereza cha kale ilikuwa na maana ya kushiba, na Mjerumani mpaka leo akishiba husema yuko "satt". Shibe ikageuka kuchoka, kuchoka kukageuka uzito, mwishowe ikawa hii tunayoijua. Mtu aliyewahi kusema "maisha haya nimeyakinai" hana haja ya kuelezwa njia hiyo.

Sasa "depressed". Maana yake ya asili ni kugandamizwa chini. Huulizwi nani kafa. Unaweza kuwa na watoto wazima, mahindi yamekubali, na bado umegandamizwa.

Shangazi naye neno huzuni kwake lina mipaka yake. Huzuni ni ya mfiwa, ina sababu na ina muda, miezi 4 na siku 10, basi. Ukimuuliza leo kama ana huzuni, ni kama unamuuliza bado anabishana na Mungu kuhusu mumewe? Atajibu hapana, na wala hajadanganya. Swali ndilo lililopotea njia.

Na wale wa "Kiswahili ni maskini wa hisia", tafadhali. Majonzi, jitimai, kihoro, ukiwa, masononeko, mnataka mangapi? Sonona ipo kwa hiyo "depression", ingawa nakiri kwa shingo upande kwamba ni neno la semina. Shangazi ukimwambia ana sonona atadhani ni minyoo. Nakiri pia kuwa "bereaved" wamepatia, maana mzizi wake ni kunyang'anywa. Lakini kufiwa kwetu hakuna wa kukufundisha. Kinachoniudhi ni manukuu ya filamu. Binti kaachwa na mchumba, analia, chini wameandika "amevunjika moyo". Kuvunjika moyo ni kukata tamaa ya kurudia mtihani! Huyu katendwa, semeni katendwa.

Na "sorry", ambayo kila mtu anaiona ndugu wa "sorrow", si ndugu yake kabisa; inatoka kwenye neno la kidonda na maumivu. Na sisi tukimwona mtu kajikwaa tunamwambia "sorry", Mzungu anashangaa, kwani wewe ndiye uliyeweka jiwe?

Jiwe. Kwenye daladala wakati wa kurudi, tumebanwa kiti cha nyuma, shangazi alisema bila mimi kumuuliza, anaangalia dirishani: "Mwanangu, nikijilaza nakuwa kama nimewekewa jiwe la kusagia hapa." Akajigusa kifuani, juu kidogo ya fundo la kanga. "Kunyanyuka siwezi mpaka lijiondokee lenyewe."

Tunarudi tarehe 14 kuchukua dawa. Nimemwomba akiulizwa tena habari za huzuni, aachane na neno hilo, aeleze habari ya jiwe. Kasema ataona, maana yule binti anaonekana ana haraka.