Nyuzinano za Fedha: Kukunjika Kumewezekana, Kudumu Je?

Anayegusa skrini ya simu yake anategemea tabaka asiloliona. Katika skrini nyingi tabaka hilo ni oksidi ya indiamu na bati, maarufu kama ITO, ambayo hupitisha umeme kwa namna ya metali na bado hupenyeza nuru kwa namna ya kioo. Imetumika kwa miongo kadhaa, na dosari yake kubwa ni kwamba ina asili ya kigae: ikivutwa kwa asilimia 2 au 3 tu ya urefu wake hupasuka, na ufa ukishaingia umeme haupiti tena vizuri. Ndiyo maana watafiti wa vifaa vinavyokunjika wamegeukia wavu wa nyuzi nyembamba mno za fedha, yaani metali yenyewe, si pesa. Hoja zao ni nzito. Hata hivyo, mjadala umeng'ang'ania suala la kukunjika, ambalo limekwisha kupata jibu, na umelisahau suala la nyuzi hizo kuzeeka.

Nyuzi zenyewe hupikwa. Nitrati ya fedha hutiwa katika glikoli ya ethilini iliyopashwa moto hadi kiasi cha sentigredi 160, pamoja na polima iitwayo PVP, ambayo hushika ubavu wa chembe za fedha na kuziachia zikue kwenye ncha tu. Njia hiyo ilipata umaarufu baada ya kundi la Younan Xia, nchini Marekani, kuichapisha mwaka 2002. Zinazopatikana ni nyuzi zenye kipenyo cha nanomita 20 hadi 100 (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita) na urefu wa makumi ya mikromita (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Huchanganywa na maji au alkoholi zikawa wino wa kijivu, na wino huo hutandazwa juu ya plastiki kwa fimbo iliyozungushiwa waya. Ukikauka, nyuzi hubaki zimelaliana ovyo kama njiti za kiberiti zilizomwagika sakafuni. Umeme hupita zinapogusana, nuru hupita kwenye matundu. Urefu una faida kubwa hapa: uzi ukirefushwa maradufu, robo tu ya idadi ya nyuzi hutosha kuunganisha wavu mzima, na nuru hupata nafasi zaidi.

Wavu wa namna hiyo hukunjwa maelfu ya mara bila ukinzani wake kubadilika sana, na hutengenezwa bila mitambo ghali ya ombwe ambayo ITO huihitaji. Juu ya plastiki faida huongezeka, kwa sababu plastiki haivumilii joto linaloifanya ITO ipitishe umeme vizuri.

Hoja ya uadimu wa indiamu, inayorudiwa mara nyingi, siikubali yote. Ni kweli kwamba indiamu hupatikana kama zao la pembeni la zinki, kwamba China ndiyo mzalishaji mkubwa, na kwamba Februari 2025 nchi hiyo iliweka udhibiti wa kuiuza nje. Lakini fedha nayo ni adimu katika ukoko wa dunia, kwa kiwango kinachokaribiana na cha indiamu. Kinachoisaidia ni kwamba hutumika kidogo: tabaka la ITO lenye unene wa nanomita 150 lina uzito wa takriban gramu 1 kwa mita ya mraba, ilhali wavu wa fedha kwa kawaida hauhitaji zaidi ya sehemu ya kumi ya uzito huo.

Sasa upande wa pili. Mwenye bangili ya fedha anajua kwamba ikikaa kabatini miezi kadhaa hupiga weusi, kwa sababu ya gesi zenye salfa zilizomo hewani, na sonara huisugua ikang'aa tena. Bangili haipotezi kitu cha maana. Lakini weusi huo ukila nanomita 10 kuzunguka uzi wenye kipenyo cha nanomita 30, kiini kinachobaki kina nanomita 10 tu, yaani moja ya tisa ya njia ambayo umeme ulikuwa nayo, na hakuna sonara wa kuusugua. Joto nalo lina hatari yake. Fedha huyeyuka kwa sentigredi 962, lakini nyuzi hizi huanza kukatika na kujikunja kuwa vitone kuanzia sentigredi 200 na kitu, na umeme mwingi ukipita kwenye maungio machache huyapasha moto yenyewe. Kuna pia ukungu unaotokana na nuru kutawanywa, ambao huharibu skrini ingawa katika seli ya sola unaweza kuwa na manufaa.

Shaba ni rahisi zaidi kwa bei na hupitisha umeme karibu sawa na fedha, ila hushambuliwa na oksijeni hata haraka zaidi, hivyo lazima ivishwe nikeli au kinga nyingine, na kila kinga hupunguza nuru kidogo.

Kwa hiyo ningezikubali nyuzi za fedha leo katika hita angavu na skrini pana zinazopinda, zikiwa zimefunikwa vizuri. Kwa seli za sola ningesubiri. Paneli za sola hupimwa kwa saa 1,000 katika sentigredi 85 na unyevu wa asilimia 85, na nyavu hizi za fedha zinapaswa kupita jaribio hilohilo huku umeme ukipita ndani yake muda wote, kwa sababu ndivyo zitakavyoishi juu ya paa.