Ombi la Ruhusa Limekwama kwa Nani?

Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa kumi na moja jioni. Malori mawili kutoka Mombasa yamemaliza mambo ya forodha na sasa yamesimama nje ya ghala, yakingoja kampuni iidhinishe kwenye mfumo wake kwamba mzigo unaweza kushushwa. Mama anayefanya kazi hiyo yuko likizo ya uzazi. Karani anayekaimu nafasi yake aliomba jukumu hilo tangu Jumatatu, na siku zote tano skrini imemwonyesha neno moja: "Linasubiri." Linasubiri nini, na liko kwa nani, skrini haisemi. Saa kumi na mbili kasoro akainua kibodi, akachukua kikaratasi chenye nywila ya mwenzake, akaingia kwa jina la mama yule na kuidhinisha. Malori yakashushwa.

Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa mfumo huo, nikikaa Kampala. Nilikuja kujua wiki mbili baadaye, nikipitia kumbukumbu za mfumo: mtu aliyejifungua Jumanne ameidhinisha mizigo miwili Ijumaa jioni. Nilimpigia karani, naye hakuficha. "Ssebo (bwana), ningefanyaje? Madereva wananipigia kelele, ombi langu halijibiwi." Alikuwa anasema kweli. Ombi lilikuwa mikononi mwa meneja wa tawi, naye alikuwa safarini Mbarara. Baada yake lingekwenda kwa mkuu wa fedha, kisha kwangu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilipima upya jambo ambalo maofisi mengi ya Kampala yanabishania. Je, kila ombi la ruhusa lipite ndani ya programu ya usimamizi wa utambulisho, yaani inayosimamia nani anaruhusiwa kufungua nini, likiwa na hatua za kuidhinishwa na kumbukumbu ya kila hatua? Au tuendelee na desturi yetu ya kumpigia mtu wa kompyuta, au kumwandikia WhatsApp, naye akafungua mlango?

Wanaotaka programu wana hoja nzito. Ruhusa iliyotolewa kwa simu hubaki kichwani mwa aliyeitoa, na akiacha kazi anaondoka nayo. Mkaguzi akija kuuliza nani alimruhusu fulani kuona mishahara, lini, na kwa sababu gani, hakuna wa kumjibu. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha tangu mwaka 2019, na sheria hiyo inamtaka anayehifadhi taarifa za watu azilinde dhidi ya wasioruhusiwa. Utawezaje kusema umezilinda ikiwa hujui nani ana ufunguo?

Kuna pia ruhusa zinazorundikana. Mtu anaanza mapokezi, anahamia hesabu, kisha ununuzi, na kila anakokwenda anaongezewa bila kupunguziwa. Baada ya miaka sita anaweza kuagiza mali, kuipokea na kuilipia, peke yake. Wazo la kutoa ruhusa kwa jukumu badala ya mtu, ambalo David Ferraiolo na Richard Kuhn wa taasisi ya viwango ya Marekani waliliandika mwaka 1992, linatusaidia hapa: ukihama kazi, jukumu la zamani linabaki kwenye kiti ulichokiacha. Linasaidia ikiwa tu yupo anayefuatilia maombi na kuyafunga. Mwaka 2008 benki ya Société Générale ya Ufaransa ilitangaza hasara ya karibu euro bilioni 4.9 kutokana na biashara za Jérôme Kerviel, kijana aliyewahi kufanya kazi upande wa kukagua biashara kabla ya kuhamia upande wa kuzifanya. Alikuwa anajua macho ya ukaguzi yanatazama wapi.

Wanaopinga nao wasidharauliwe. Wanasema hatua nyingi za kuidhinisha haziwazuii watu walioshikana mikono, na historia yetu inawaunga mkono. Mwaka 2012 Mkaguzi Mkuu wa Serikali alianika upotevu wa mabilioni ya shilingi katika Ofisi ya Waziri Mkuu, fedha za kuijenga upya kaskazini mwa nchi baada ya vita. Wakati huo serikali ilikuwa na mfumo wa kompyuta wa kusimamia fedha kwa miaka kadhaa, wenye hatua zake za uidhinishaji. Wahisani wakasimamisha misaada. Wananchi waliongojea nyumba na barabara hawakusaidiwa na mfumo kuwa na hatua.

Wanasema vilevile kwamba ofisi ya watu kumi na wawili haihitaji haya yote. Nakubaliana nao moja kwa moja. Duka la jumla Kikuubo, mtaa wa biashara wa Kampala, lenye kompyuta tatu litoshelezwe na daftari: tarehe, jina, amepewa nini, nani kakubali, itaisha lini. Daftari linaloandikwa kila siku ni bora kuliko programu ya gharama isiyofunguliwa.

Hoja yao inayonigusa zaidi ni ya wakubwa wanaoidhinisha bila kusoma. Nimeona kwa macho. Meneja anafungua simu asubuhi, anakuta maombi ishirini, na mojawapo limeandikwa hivi: "Jukumu: GH-IDH-03." Hajui ni nini, na ana mkutano saa tatu. Anabonyeza "kubali" mara ishirini. Kumbukumbu itasema aliidhinisha, na kwa karatasi kila kitu kiko sawa, lakini hakuna aliyefikiri. Ombi hilohilo lingeandikwa "Ataweza kuruhusu mzigo utoke ghala la Malaba, hadi tarehe 30 Septemba," angesimama kidogo. Angejiuliza kwa nini mtu wa mapokezi anaomba hilo. Wauzaji wa programu hawakuonyeshi jambo hili siku ya kuja kuuza, kwa sababu kuandika majina yanayoeleweka ni kazi yako, na inachukua miezi.

Hata hivyo, baada ya Malaba siwezi kurudi kwenye ruhusa za simu. Namfikiria yule mama. Mzigo ule ungepotea, polisi wangeanza na yeye, kwa kuwa jina lake ndilo lililokuwa kwenye hati, naye alikuwa wodini na mtoto wa siku tatu. Karani naye, aliyekuwa akihangaikia kazi ya kampuni, alikuwa ameingia kwenye akaunti isiyo yake, wakati Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011 inafanya kuingia bila idhini kuwa kosa la jinai. Wafanyakazi wengi huona ufuatiliaji wa ruhusa kama kupelelezwa. Mimi nauona kama ngao yao: jina lako lionekane pale tu ulipokuwa wewe.

Ngao hiyo huvunjwa na kuchelewa. Ombi likikaa siku tano, watu wataazimana nywila, na hapo kumbukumbu inaanza kusema uongo, jambo baya kuliko kutokuwa na kumbukumbu. Kwa hiyo nalihesabu ombi lililokwama kama tundu la usalama, sawa na nywila dhaifu. Wengi katika fani yangu bado huliita usumbufu wa mtumiaji tu.

Tukilitazama hivyo, ufuatiliaji unabadilika. Mwombaji lazima aone ombi lake liko kwa nani, kwa jina, na tangu saa ngapi. Anayeidhinisha akisafiri, awe ameshamtaja naibu wake kwenye mfumo. Siku moja ikipita, ombi lipande kwa aliye juu yake. Lipande, lakini lisijiidhinishe lenyewe kwa sababu muda umeisha. Nimeona mifumo iliyopangwa hivyo, na ni kuacha geti wazi kwa kuwa mlinzi amechelewa.

Waidhinishaji nao wapunguzwe. Wawili wanatosha kwa sehemu kubwa ya maombi: anayeijua kazi ya mwombaji, na mwenye dhamana ya mali au taarifa inayofunguliwa. Msimamizi wa mfumo asiwemo. Mimi sijui kama karani wa Malaba anastahili kuruhusu mizigo, najua kubonyeza tu, na kuniweka kwenye mnyororo wa waidhinishaji kunampa kila aliye nyuma yangu sababu ya kusema "watu wa kompyuta wataangalia." Dharura iwe na mlango wake: ruhusa ya saa 24, iliyothibitishwa kwa simu na mkubwa mmoja na kupitiwa kesho yake. Hatari yake ni mlango huo kugeuka njia ya kila siku. Ndiyo maana tunazihesabu, na idara inayotumia dharura kila wiki tunaikagua mnyororo wake kabla ya kuwakemea watu wake.

Tulibadilisha mambo haya baada ya Malaba, na karani hakuadhibiwa. Aliomba upya, jina la naibu wa meneja likaonekana kwenye skrini yake, na akapata jukumu siku ileile likiwa na tarehe ya kuisha. Mama aliporudi kazini alipewa nywila mpya, na jukumu la kukaimu lilikuwa limeshajiondoa kwa karani.

Kilichobaki ni majina. Ya ghala na ya fedha tumeyaandika upya kwa maneno ya watu. Ya idara ya magari bado ni herufi na namba, na kila nikiona ombi la namna hiyo limekubaliwa ndani ya dakika moja, nampigia aliyelikubali na kumuuliza ameruhusu nini.