Karibu Kisiwa

Najua mmeshaisikia hadithi ya safari yangu ya Bukavu. Bwana harusi ameizungusha kwenye makundi yote ya WhatsApp kuanzia Goma hadi Uvira, na toleo lake lina uongo wa aina mbili: sikulia, wala sikumuuliza mtu kama kuna daraja. (Daraja niliuliza. Lakini si kwa sauti ile anayoiigiza.)

Tuanzie Alhamisi jioni. Binti wa kaka yangu, yuko mwaka wa nne wa msingi, kaniletea daftari. "Papa mudogo, kisiwa ni nini?" Mimi huyu, msomi wa familia, nikajinyoosha kwenye kiti. Nikamwandikisha polepole, koma na nukta: kisiwa ni nchi kavu, koma, iliyozungukwa na maji pande zote, nukta. Mfano: Zanzibar. Nikaona haitoshi, nikamwongezea ambayo mwalimu hakuomba. Nikamwambia habari ya rasi, nchi iliyoingia majini huku nyuma bado imeshikana na bara. Sisi tulifundishwa kwa Kifaransa, preskili, maana yake "karibu kisiwa". Na mfano ni Bukavu, mji uliotumbukiza vidole vitano katika Ziwa Kivu kama mtu anayenawa kabla ya bugali.

Bukavu nilikuwa sijakanyaga hata siku moja.

Ijumaa usiku nikapanda boti hapa Goma, kwenda Bukavu. Rafiki yangu, huyo bwana harusi, alikuwa ametangulia huko kwenda kutoa mahari, mimi nikaachiwa sanduku: ndani vitenge vya mama mkwe, na viatu vya bwana harusi mwenyewe, vyeusi, vinang'aa, vya kutoka Birere. Alinipa nauli ya boti ya haraka. Hiyo nauli niliionea huruma, nikapanda ya mbao, ile inayopitia Idjwi kushusha watu. Kwamba inapitia Idjwi niliambiwa. Niliambiwa mara mbili, na mara ya pili nikajibu "najua".

Nikalala, sanduku ndio mto. Alfajiri nikasikia mtu anapiga kelele: "Wa kushuka washuke!" Nikashuka.

Sasa niwaeleze nilichokiona, msije mkadhani sikuwa na akili. Akili ilikuwepo, ila asubuhi ile ilikuwa kama wakili wa kulipwa, inatetea tu. Maji huku, maji kule? Preskili, sawasawa na nilivyofundisha. Udongo mwekundu? Sisi wa Goma tumekulia juu ya mawe meusi ya Nyiragongo, tunajengea, tunazungushia uwanja, yanatutoboa ndala. Kwangu udongo mwekundu maana yake nimeshafika Bukavu. Simu ikaleta ujumbe wa kunikaribisha Rwanda? Naam, Bukavu inapakana na Rwanda. Maghorofa hayaonekani, ni migomba tu hadi juu ya kilima? Nikajiambia hapa ni pembeni ya mji.

Kitu kimoja kilinisumbua: tumeshuka watu tisa, na boti bado imejaa. Wakili akasimama tena: hao wanaendelea Uvira. Kwa boti, ndugu zangu! Kupitia Ruzizi, mto unaotoka Kivu na kuporomoka karibu mita 700 hadi ufike Ziwa Tanganyika, iliko Uvira, na mabwawa ya umeme yamekaa njiani. Nikawaonea huruma kwa safari ndefu. Boti ilipoanza kuondoka nikaipungia mkono. Wakanipungia pia, watu wazuri sana.

Kando ya gati kulikuwa na mama anauza mananasi. Nikataka kuonekana si mgeni. Nikatazama milima ng'ambo ya maji, nikasema, "Kumbe Rwanda iko karibu hivi!"

Mama akaitazama milima. Akanitazama mimi. Kisha akalitazama jua, lililokuwa linachomoza nyuma ya mgongo wangu.

"Ile ni Kalehe, mwanangu."

"Kalehe ya Rwanda?"

Hakujibu. (Kalehe ni ya kwetu, Kongo.) Akaanza kupanga upya mananasi ambayo yalikuwa yameshapangwa.

Nikamwendea motari, mwenye pikipiki ya abiria, anipeleke Nyawera, mtaa wa Bukavu. "Nyawera, bei gani?"

Akazima pikipiki. Ninyi mnawajua mamotari: hawazimi pikipiki kwa ajili ya abiria, wanazima kwa ajili ya msiba.

"Nyawera ya wapi, Papa?"

"Ya hapa hapa."

"Hapa hakuna Nyawera."

"Basi nipeleke katikati ya mji. Tufuate hii barabara."

"Hii inaishia ku maji."

"Na ile ya kule?"

Akageuka akaitazama, kwa heshima, kama ndiyo mara ya kwanza anaiona. "Ile pia. Maji."

Nikanyoosha kidole juu ya kilima, kule jua linakotokea. "Na nyuma ya kilima?"

"Nyuma ya kilima ni maji. Kisha ndiyo Rwanda."

Watoto wawili wenye bidoni, yaani madumu ya maji, walikuwa wamesimama kusikiliza. Ulikuwa umebaki upande mmoja. Nilijua sipaswi kuuliza, ulimi wenyewe ukauliza: "Na kule chini?"

Motari hakupata nafasi. Watoto waliitikia kwa pamoja, kama darasani: "Maji!"

Pande zote. Nikaisikia sauti yangu ya Alhamisi, polepole, inaandikisha: nchi kavu, koma. Mikono ikalegea, sanduku likaniangukia mguuni, na hata kuumia sikuumia, maana maumivu yote yalikuwa usoni.

Lakini mtu msomi hafi bila kujitetea. "Sikia, bwana mdogo," nikamwambia, "Bukavu ni preskili. Ni karibu kisiwa."

Motari akavua kofia yake ya pikipiki. Akainama kidogo, kama anamwelekeza babu yake.

"Papa, hapa si karibu kisiwa. Hapa ni kisiwa. Ni Idjwi." Kisha, sijui ni ukarimu au uchokozi, akaninyooshea mkono: "Basi, karibu kisiwani."

Mama wa mananasi alicheka hadi akakaa chini. Watoto waliweka bidoni. Alikuja na mzee mmoja ambaye hakusikia mwanzo, ikabidi asimuliwe, na aliyesimulia ni mimi, kwa sababu wengine walikuwa hawawezi kusema. Hapo ndipo nilipouliza habari ya daraja. Kwa sauti ya kawaida! Nikaambiwa ziwa hili mahali penye kina kirefu linashuka mita zipatazo 480, kwa hiyo nikitaka daraja nianze mapema.

Saa kadhaa baadaye simu ikalia.

"Boti imefika, watu wote wameshuka, mbona sikuoni?"

"Hata mimi nimeshuka," nikasema. Huo ni ukweli.

"Umeshuka wapi?"

Nikamtajia. Kimya. Kisha kwa sauti ya chini: "Na viatu?"

"Viko salama. Tuko navyo huku."

Mengine ni mafupi. Mchana nilipata boti ya mananasi. Bukavu tulipoikaribia, nyumba zimepandana milimani na vile vidole kweli vimo majini, nilimuuliza nahodha mara tatu kama ndipo, kabla ya kuinuka. Mahari ilikuwa imeshapokelewa. Bwana harusi anavaa namba 41; alisimama mbele ya wakwe na viatu vya mjomba wake, namba 45, vimejazwa karatasi, anatembea kama anavuka matope. Mama mkwe alipokea vitenge usiku, akashukuru, halafu akauliza mbele ya ukoo mzima: "Ndiye huyu wa Idjwi?" Tangu hapo jina nililopewa na wazazi limepumzika.

Ah, nilisahau. Nikiwa bado kwenye ile boti, nimekalia gunia, nilifungua ujumbe ambao mtoto alinitumia tangu Ijumaa. Ni picha ya daftari. Chini ya "Mfano: Zanzibar", mwalimu ameandika kwa kalamu nyekundu: "Sawa. Toa na mfano wa karibu." Na sauti ya mtoto: "Papa mudogo, mwalimu anataka kisiwa cha karibu. Kuna chochote unakijua?"

Kilikuwa bado kinaonekana nyuma yetu, kirefu, hakiishi. Nikakipiga picha, nikamtumia.